Siku Nilipoanika Siga za Mzee

Awuor mwanangu,

Wengine huanza barua kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua kuliko unavyoijua wewe. Umetoka hapa sasa hivi, umejipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, unaenda kuagana na wenzako wa kwaya. Begi lako liko hapa mlangoni. Hii barua nitaisukuma chini kabisa, chini ya sweta la kijani, na najua hutaiona mpaka ufike Naivasha uanze kupanga vitu. Nimefanya hivyo makusudi. Kuna maneno ambayo mama hawezi kuyasema akiangaliwa usoni, hata mama mwenye mdomo kama mimi.

Na mdomo ninao, Kisumu Ndogo yote hapa Kibera inajua. Tangu upate kazi ya hoteli sijanyamaza. Nimemwambia mama wa mboga, nimemwambia fundi wa viatu, nimemwambia pasta kabla hajamaliza kuomba. Mtoto wa Akoth, aliyesoma kwa koroboi, anaenda kuvaa koti jeusi na kuhudumia watu wanaokula kwa uma tatu! Mimi niliishia darasa la saba, na bado mwandiko wangu unaushinda wa karani wa chifu. Hiyo akili uliitoa wapi kama si kwangu? Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mzuri sana, lakini hesabu ilikuwa inamkimbia.

Mambo ya kufua, ya kufunga mlango, ya wanaume wa hoteli, sitaandika. Hayo nimekuimbia miaka na miaka, na kama hayajaingia kwa masikio hayataingia kwa kalamu. Nataka kukujibu swali moja uliloniuliza Jumapili. Nililijibu nusu, halafu nikakimbia.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka kwa ile intavyuu, hata viatu hujavua.

"Mathe, wamenipa kabati la siga."

"La nini?"

"Zile sigara nene za matajiri, za jani lililokunjwa. Wageni wakimaliza kula wanakaa kwa viti vya ngozi, mimi napeleka boksi, nawakatia, nawawashia. Wameniuliza kama najua."

"Ukasema?"

"Nikasema najua."

"Na unajua?"

"Haki ya Mungu sijui hata upande gani ndio unawashwa."

Tulicheka mpaka jirani akagonga mabati. Nikakwambia umefika nyumba yenyewe, kwa maana kutoka Soweto East mpaka huku kwetu hakuna mwanamke mwingine anayeweza kumfundisha mtu siga. Hapo sikudanganya. Kwa Mzee Gathecha, kule Kawangware, nilifanya kazi ya nyumba miaka tisa, na siga zake nilizijua kama nilivyojua sufuria zake.

Tukaanza na karoti. Karoti ya kwanza uliikata katikati kama mtu anayetaka supu. Nikakwambia hapana, angalia hiki kichwa cha mviringo, hapa ndipo mdomo unaingia, na kina kofia ndogo ya jani iliyobandikwa. Unaondoa hiyo kofia tu, kipande chembamba kama ukucha. Ukizidisha, jani lote linafunguka mkononi kama bandeji. Kufikia Jumamosi ulikuwa unakata vizuri kuliko mimi, na tulikuwa tumekula supu ya karoti siku nne.

Jumapili ukatoa ile siga moja waliyokupa uionje, ujue unachompelekea mtu. Nyembamba, ya rangi ya chai ya maziwa. Nikafurahi, maana anayeanza hapewi ile nyeusi nene, hiyo ni ya vifua vilivyozoea. Tulikula kwanza, ugali na omena, kwa sababu siga haitaki tumbo tupu. Tukakaa nyuma ya nyumba juu ya mitungi. Nikakwambia ngoja kiberiti kimalize ile harufu yake kali, halafu shikilia siga juu ya moto bila kuugusa, uzungushe polepole kama unavyochoma mahindi, mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Sasa vuta kama unayeonja uji wa moto. Moshi ukae mdomoni, uutoe. Usiumeze.

Ukaumeza.

Mama Beryl alikuwa anapita na karai la nguo. "Mama Awuor, kwani mnachoma tairi?"

"Tunasoma!" nikamjibu. "Huyu ni mtoto wa hoteli kubwa, hii ndiyo somo lake!"

"Basi huyo mwanafunzi atakufa kabla ya mtihani."

Ulikohoa mpaka machozi, lakini hukuitupa. Nikajua ni damu yangu hiyo. Ukajifunza kuvuta mara moja, kisha kuiacha tupige hadithi kidogo, kisha tena, kwa maana ukiivuta harakaharaka inakuwa moto na chungu. Ukaacha jivu lisimame badala ya kuligonga kila saa. Ilipofika nusu uso wako ulibadilika, jasho likatoka juu ya mdomo, nikakuwekea sukari kwenye ulimi na ukarudi. Nikakwambia iweke tu chini itazimika yenyewe, usiisage kama kipisi cha sigara, itanuka mpaka kesho.

Hapo ndipo ukauliza. "Mathe, na wewe ni nani alikufundisha?"

"Ni huko kwa Mzee," nikasema, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Jibu lenyewe ni hili, na linamhusu Wekesa. Yule aliyekuwa akitunza bustani ya Mzee, aliyekuwa akikuwekea mapera kwenye kofia yake ukija na mimi Jumamosi. Nilikwambia alifukuzwa kwa kuiba siga za Mzee. Hakuiba. Hakuna aliyeiba. Niliyeziharibu ni mimi, na nimekuacha na uongo huo miaka saba.

Na hii kazi umeipata kwa neno la Mzee Gathecha. Ni yeye aliyemwambia rafiki yake, mwenye hoteli, kwamba msichana huyu ametoka kwa mama ambaye hajawahi kumdanganya hata siku moja. Unaelewa sasa kwa nini nimekuwa nikiamka alfajiri kukagua begi ambalo nimeshalikagua?

Nikupeleke tangu mwanzo. Mzee alikuwa na ploti pande zote mbili za barabara, vyumba vya wapangaji kama mizinga ya nyuki. Alianza kula na wakubwa, na wakubwa wote baada ya nyama walikuwa wanatoa siga. Naye akapewa boksi kama zawadi. Alikuwa mwanafunzi kama wewe, ila hakuwa na mama wa kumkatia karoti. Jioni ya kwanza, pale verandani, aliuma ncha kwa meno akatema majani, akaiwasha kama anayechoma takataka, akaivuta mpaka kifuani kama mtu aliyetolewa majini. Macho yakawa mekundu.

Mkewe akamwuliza, "Baba Nyambura, kwani unalia?"

"Silii. Ni utamu."

Mimi na Wekesa tulikuwa kwenye dirisha la jikoni tumejifunika uso na aproni moja.

Aliyemfundisha Mzee ni huyo huyo mwenye hoteli yenu. Alikuja siku moja kula, akamwonyesha yote niliyokuonyesha, na mimi nilitoa sahani mezani polepole hivi kwamba hakuna sahani iliyowahi kutolewa polepole hivyo. Masikio yangu yalienda shule siku hiyo. Lakini sikusikia yote. Niliitwa kuleta chai wakati wanazungumza namna ya kuzihifadhi. Kumbuka hapo.

Sasa kichwa changu kikavimba. Mzee aliacha nusu ya siga, nikaiokota, nikaenda nayo nyuma ya zizi la ng'ombe. Unamkumbuka dani, nyanya yako kule Alego, alivyokuwa akivuta sigara na moto umegeukia ndani ya mdomo, anapepeta mtama, anagombana na mbuzi, na moshi unatoka tu kwa pembeni. Wazee wetu wa kike walivuta hivyo. Upepo hauzimi, mvua haizimi, mikono inabaki kufanya kazi, na baba mkwe akipita haoni kitu. Mimi ndiye nilikuwa nikimwashia dani nikiwa mdogo, nikajua kugeuza moto kabla ya kujua kusuka. Basi nikafikiri moshi ni moshi. Nikageuza siga ya Mzee, moto ndani.

Mwanangu, ile kitu ilikuwa nene kama kidole gumba cha mwanaume. Niliungua ulimi, nikaungua juu ya mdomo, nikashtuka nikavuta pumzi, na moshi wote ukaingia kifuani. Wekesa alinikuta nimekumbatia nguzo ya zizi.

"Mama Awuor! Toa hiyo moto kwa mdomo! Kwani wewe ni jiko?"

Alinikalisha, akanikorogea maji ya sukari, akanipepea na kofia yake. Hakumwambia mtu. Wiki nzima nilikunywa uji baridi, na kila akipita dirishani alikuwa ananiuliza kama jiko limezima. Ile sukari niliyokuwekea Jumapili, ni Wekesa aliyenifundisha.

Ikaja masika. Mzee akasema Jumamosi atakuwa na wageni watano, na boksi jipya la siga liko tayari. Ijumaa mkewe akaniambia nipanguse kabati. Nikafungua boksi. Nikagusa. Zilikuwa laini, baridi, na juu ya chache kulikuwa na vumbi jeupe kidogo. Pembeni mle ndani kuna kisahani cha bati na sponji yenye maji. Mimi ni mtoto wa ziwa. Kwetu, kitu cha kukaushwa kikiwa laini na cheupe kimeoza. Visamaki vya omena vikikosa jua siku moja wakati wa mvua, hivyo ni vya kuku. Tumbaku ya dani ilikaa juu ya moshi wa jikoni mpaka ikalia ukiigusa. Nikasema, maskini Mzee, kuna mtu ameacha sponji la maji humu na zawadi yake inaharibika, na kesho ana wageni. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka, tena kali.

Nikamwendea Wekesa. "Nishikie ngazi."

"Ya nini?"

"Kuna kitu cha Mzee nataka kupatia jua."

Akashika ngazi. Nikapanda juu ya bati la nyumba ya wafanyakazi, nikatandaza gunia, nikazipanga siga moja moja kama tunavyopanga omena, zisigusane. Saa sita nikapanda tena kuzigeuza. Saa kumi nilizishusha zimekauka, ukishika moja inalia kra. Sponji nilitupa. Nilirudisha boksi mahali pake nikijisifu peke yangu, kwamba Mzee hajui ana mfanyakazi wa namna gani.

Siga haitaki jua. Inataka kukaa laini, ipumue unyevu kidogo, ndani ya boksi la mbao, mbali na dirisha. Hilo sponji ndilo uhai wake. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa nikiwa nimeenda kuleta chai.

Jumamosi walikula mbuzi wakashiba. Mzee akaleta boksi mwenyewe, kifua mbele. Mwenye hoteli akachukua moja, akaiviringisha karibu na sikio. Akakata. Jani likapasuka lote likaanguka kwenye suruali. Mwingine akawasha yake, ikashika moto kama karatasi.

"Gathecha," mwenye hoteli akasema, "hizi ni siga ama ni kuni?"

Wakacheka wote. Mzee naye akacheka, lakini kwa meno tu. Mimi nilikuwa nimesimama na trei, na nikajua. Sikuambiwa na mtu. Nilijua pale pale.

Wageni walipoondoka alituita uani. Mzee alikuwa ameshaamua: mtu amechukua siga zake nzuri akaweka takataka. Mkewe akasema jana ngazi ilikuwa nje siku nzima, na jioni aliona Wekesa akiirudisha.

"Wekesa, ngazi ilikuwa ya nini?"

Wekesa alinitazama. Si kwa muda mrefu, kama mtu anayemeza mate. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha jikoni na kitabu chako cha hesabu. Baba yako alikuwa amepunguzwa kazini mwezi uliopita, ile miaka kila kiwanda kilikuwa kinapunguza watu, na Wekesa alijua hayo kwa sababu nilimlilia yeye.

"Nilikuwa natoa majani kwa gata ya paa, Mzee."

"Majani? Na siku nzima?"

Wekesa akavua kofia yake. Na mimi, Awuor, mimi mwenye mdomo, nilikuwa na neno dogo sana la kusema. Ni mimi, nilizianika. Neno la kumaliza pumzi moja tu. Nililimeza. Wekesa akaondoka jioni ile na blanketi yake na redio.

Nikajiambia nitasema Jumatatu, hasira ya Mzee ikipoa. Jumatatu Mzee akanipa ufunguo wa kabati. "Sasa boksi litakuwa mikononi mwako," akasema, "kwa sababu wewe ni mwaminifu." Ungesema hapo? Labda wewe ungesema. Mimi niliuchukua ule ufunguo. Nikajifunza siga vizuri kuliko mwenyewe, nikajua sponji ikamuliwe kiasi gani, nikajua mgeni wa kwanza apewe ipi. Watu wakasifu. Na kila nikisifiwa nilikuwa nasifiwa kwa kazi niliyojifunza kwa kumuunguza mtu mwingine.

Kuna siku nyingine, najua hukuisahau. Ulikuwa sekondari. Tunapita stendi ya Kawangware 46, wewe mbele na wenzako, mimi nyuma, na Wekesa anasukuma mkokoteni wa maji. Ukawaambia wenzako kwa sauti, "Huyo ndiye aliiba siga za tajiri wa mama." Wakacheka. Yeye akasimamisha mkokoteni, akasema, "Awuor, umekuwa mkubwa." Ni hayo tu. Na mimi nikageukia meza ya nyanya nikaanza kuuliza bei.

Kosa si lako. Ulisema ulichofundishwa nyumbani.

Sasa leo. Asubuhi nilikwambia naenda sokoni. Nilienda Kawangware. Wekesa siku hizi anauza miche kando ya barabara, ameipanda kwenye mikebe ya maziwa, maua upande mmoja, sukuma upande mwingine. Alikuwa anainyunyizia maji.

"Karibu, Mama Awuor. Unataka ua ama mboga?"

"Nataka kusema."

"Sema. Kusema hapa ni bure."

Nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kibera, nikayasema vibaya, nikaanzia katikati. Hakuacha kunyunyiza. Nilipomaliza akaweka kopo chini.

"Hiyo nilijua. Kwani ni nani alishika ngazi?"

"Na kwa nini hukunitaja?"

"Ulikuwa na bwana hana kazi, na mtoto ako hapo anaandika hesabu. Mimi nilikuwa kijana, nikaona nitapata kwingine. Na nilijua utasema mwenyewe. Nikakupa mpaka Jumatatu." Akang'oa jani moja lililokauka. "Nikangoja hiyo Jumatatu, Mama Awuor."

Nimezika mume. Nimezika mama. Lakini sijawahi kuambiwa neno lililonikaa kama hilo.

"Nisamehe, Wekesa."

"Jina langu haliko kwangu nikusamehe. Liko kwa Mzee. Kila nyumba niliyoomba kazi ya bustani walimpigia yeye simu. Nenda ukanichukulie."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia umepata kazi kwa neno la Mzee, unaondoka kesho, na nikifungua mdomo leo huenda ukaikosa. Nilitaka aseme basi, ngoja afike kwanza. Ningemshukuru mpaka kufa.

"Huenda akaikosa," akasema. 

Akaingia ndani, nikafikiri tumemaliza. Akatoka amevaa koti la kanisani. "Twende wote wawili," akasema. "Nataka kusikia ikisemwa."

Mzee amezeeka, Awuor. Alitujia getini mwenyewe na fimbo. Alipomwona Wekesa akasimama mbali.

"Huyu umemleta wa nini?"

"Mzee, siga za ile Jumamosi hakuiba. Ni mimi nilizianika juu ya bati. Nilidhani zimeoza."

"Ulizianika?"

"Kama omena, Mzee."

"Ngai!" Akaegemea geti. Nilidhani atacheka, na nilitamani acheke, kwa sababu angecheka ingekuwa hadithi tu. Hakucheka. Akamgeukia Wekesa. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakubali nikuite mwizi mbele ya bibi yangu?"

"Sikukubali, Mzee. Nilinyamaza. Uliuliza ya ngazi, hukuuliza kama niliiba."

Mzee akachimba udongo kwa fimbo. Kisha akaniangalia mimi. "Miaka yote ile umenipikia. Na juzi nimemwambia rafiki yangu huyo mtoto ametoka nyumba ya watu wakweli. Nimetumia jina langu."

"Ndiyo maana nimekuja leo, si kesho kutwa."

"Leo!" akasema. "Unaiita hii leo?"

Akafungua geti, lakini si kwangu. "Wekesa, ingia. Pitia hapa mbele." Wekesa akapangusa viatu kwenye nyasi, akaingia, wakaenda mpaka verandani wakakaa. Geti likafungwa. Mimi nilibaki nje. Nilisimama mpaka nikaona aibu ya wapita njia, kisha nikatembea mpaka nyumbani.

Kwa hivyo sijui. Nisikudanganye tena. Sijui kama amepiga simu Naivasha ama hakupiga. Huenda unasoma hii kitandani kwako hotelini na koti jeusi liko ukutani. Huenda unaisoma stendi, begi miguuni, wamekurudisha. Ningeweza kungoja ukae kazini miezi, uzoeleke, ndipo niseme. Nilifikiria hivyo, tena sana. Lakini hiyo ni Jumatatu nyingine, na ningekuwa nimekufunga nayo wewe.

Ukiitwa ofisini ukaulizwa, usinitetee. Useme mama yangu alizianika, mtu mwingine akafukuzwa, mama yangu akanyamaza. Na kama hawajakuita, tafuta nafasi uwaambie, maana sasa unajua. Ukikuta kazi haipo, si wewe uliyeipoteza. Ni mimi, na unitaje kwa jina, Akoth.

Na kama ipo, shika kabati lako vizuri. Siku moja utaharibu. Utasahau sponji ikauke, utamkatia mgeni vibaya, utamwagia maji boksi la watu. Kila anayeshika kitu hukiharibu siku fulani, hata sisi wenye akili. Nenda siku hiyo hiyo, mikono bado ina maji. Hasira ya siku hiyo ni ya saizi ya boksi moja. Ile niliyoikuta leo pale getini haikuwa ya siga tena.

Kuhusu kuvuta kwenyewe, wewe ni mtu mzima, sitakuwekea sheria. Onja ujue, kwa sababu mgeni anamtambua anayekariri tu. Lakini ukiona mkono unaitafuta wakati hakuna mgeni, weka chini. Dani alianza na moja ya kufukuza mbu, na mwisho ilikuwa inamwamsha usingizini.

Nasikia sauti zenu kule kwenye mfereji, mnaimba na kucheka. Wewe ndiye unaimba juu kuliko wote. Nitakunja karatasi sasa kabla hujaingia, nitakupakulia chakula, na nitajisifu mbele yako kama kawaida, usishtuke baadaye kwamba nilikuwa nacheka na haya yote yako ndani ya begi. Kukusifu sitaacha. Hilo halikuwa uongo hata siku moja.

Jambo la mwisho. Ukirudi, kama ni Krismasi na kazi unayo, ama ni kesho kutwa bila kazi, usije moja kwa moja hapa Kibera. Pitia kwanza Kawangware 46, kwa yule anayeuza miche kwenye mikebe. Unalo neno lako la kumwambia Wekesa. Langu nimelisema. Lako siwezi kukusemea.

Mimi niliyekuzaa, na ninayekungoja kwa vyovyote utakavyorudi,

Akoth